Minyoo Niliompa Mama

Mama yangu hajawahi kuwa na minyoo tangu nimfahamu, na kama aliwahi kuwa nao utotoni, hayo ni ya kabla yangu. Minyoo aliokaa nao siku nne nzima mwaka juzi walitoka kwangu. Nilimpa kwa simu, Jumanne, kati ya kipindi cha tatu na cha nne, huku nimeshika chaki. Leo naandika nikicheka, maana mwenyewe akiisimulia habari hii hucheka mpaka anashika mbavu, lakini wiki ile hakuna aliyecheka nyumbani kwetu.

Mimi ni mwalimu wa Kiingereza wa sekondari. Nakaa Sombetini, mjini, kwenye nyumba tuliyoijenga wenyewe chumba kwa chumba, na kwetu ni huko juu kwenye mteremko wa mlima Meru, kwenye kahawa na migomba, anakoishi mama pamoja na kaka yangu na mke wake. Katika ukoo wetu chochote kilichoandikwa Kiingereza huletwa kwangu: maelezo ya dawa ya kupulizia kahawa, kadi ya chanjo ya ng'ombe, hata maandishi ya kwenye fulana ya mtumba kabla mtu hajaivaa mbele za watu. Wananitumia picha kwenye simu, nasoma, najibu. Sijawahi kujibu "sijui". Nalisema hilo kwa aibu, lakini ndivyo nilivyo. Mtu akiniuliza Kiingereza, heri nikosee kuliko ninyamaze.

Mama naye ana sababu yake ya kuamini karatasi kuliko midomo ya watu. Baba alipougua, daktari mmoja mpole alimwambia mbele yetu, "Mzee, utapona, wewe kula vizuri," kisha akatupa bahasha ya kupeleka hospitali nyingine. Mama alinipa ile bahasha tukiwa bado kwenye benchi. Niliifungua, nikasoma, nikamvuta mama pembeni karibu na bomba la kunawia mikono, nikamwambia kwamba kilichoandikwa humo sicho alichokisema daktari. Baba hakumaliza miezi miwili.

Tangu hapo mama akajiwekea kanuni. Kiswahili cha daktari ni cha kumtuliza mgonjwa, ukweli uko kwenye karatasi, na karatasi ni ya kusomwa na mwanangu. Wala si yeye peke yake. Wazee wengi wa kwetu wako hivyo. Daktari akiwaeleza jambo huitikia, "Asante daktari, ubarikiwe," bila kuuliza hata swali moja, kwa sababu kumwuliza mtu aliyesoma kiasi kile ni kumwonyesha kwamba humwamini. Wanatoka na karatasi yao, wanaitafutia msomaji nyumbani.

Sasa mwaka juzi, wiki ya kuelekea sikukuu ya mavuno, mama akasumbuliwa na tumbo. Wifi yangu, mke wa kaka, akampeleka hospitali moja mjini. Wakampima kwa altrasaundi, wakaongea naye, wakampa karatasi. Kesho yake wifi akaipiga picha, akanitumia, na chini yake akaandika: "Wifi, mama anauliza wameandika nini."

Picha ilinikuta mlangoni mwa kidato cha tatu. Wiki ile nilikuwa nawafundisha mizizi ya maneno ya Kiingereza na somo lenyewe lilikuwa limenipanda kichwani. Nilikuwa nimewaambia wanafunzi, kwa mdomo wangu huu, kwamba ukijua mzizi wa neno kamusi huihitaji. Nikaikuza ile picha kwa vidole viwili. Katikati ya karatasi nikaona neno "vermiform". Mistari miwili chini yake nikaona "vermicular". Mzizi ni mmoja, umetoka kwenye Kilatini, na maana yake ni mnyoo. Nakumbuka vizuri nilivyoshusha pumzi. Kwa dakika nzima nilikuwa nimeogopa kukutana na karatasi nyingine kama ile ya baba, na hapa naona minyoo, ambao dawa yao iko kila duka la dawa. Nikampigia mama palepale.

"Shikamoo mama. Pole na tumbo. Usiwe na wasiwasi, ni minyoo tu."

"Wameandika hivyo?"

"Wameandika. Tena mara mbili."

"Mara mbili," akasema.

"Wifi akununulie dawa umeze, wataisha." Nikakata simu, nikaingia darasani nikiwa mwepesi na mchangamfu. Mstari wa mwisho wa ile karatasi sikuufikia. Ningeufikia nisingekuwa na cha kuandika hapa.

Kitu ambacho sikukifikiria hata kidogo ni nani ninayemwambia. Mama yangu anasifika kwa mkono wake. Kila sikukuu ya mavuno, ibada ikiisha, akina mama wa usharika hulisha watu wote, na loshoro ni ya mama. Loshoro ya kwetu ni mahindi yaliyokobolewa yakachemshwa mpaka yakalegea, ndizi zilizopondwa, na maziwa ya mgando, na kila nyumba ina namna yake. Ya mama watu huifuata na bakuli kabla mchungaji hajamaliza kupeana mikono mlangoni. Maziwa huyagandisha mwenyewe kwenye vibuyu vyake. Huvisafisha kwa kijinga cha moto cha mzeituni pori, anakizungusha ndani mpaka kibuyu kinanukia moshi, halafu anafumba jicho moja na kuchungulia kwa lile lingine. Nimekua nikimwona akirudisha maziwa ya jirani kwa sababu ya unywele mmoja. Wapo wanawake pale usharikani ambao chakula chao husifiwa na hakiliwi. Kila mtu anajua sababu, na hakuna anayeitamka. Kuingia kwenye kundi hilo ndilo jambo mama analoliogopa kuliko yote.

Huyo ndiye niliyemwambia, huku nikiwahi kipindi, kwamba ana minyoo mara mbili.

Alhamisi, saa nne ya chai, wifi akapiga simu.

"Wifi, uje. Mama amegawa vibuyu."

"Amempa nani?"

"Mama jirani. Vyote vitano. Na amemtumia ujumbe mwenyekiti wa akina mama kwamba Jumapili hapiki."

"Amesema kwa nini?"

"Hajasema. Sasa watu wanasema nimegombana naye. Jana nimepita kwa jirani wameniangalia vibaya, wifi, we acha tu."

Tena akanieleza mengine. Mama alikuwa anakula peke yake kwenye sahani yake, anaiosha mwenyewe kwa majivu na maji ya moto. Jikoni haingii. Mtu akimsalimia hatoi mkono, anajifanya ameshika kitu. Dawa alimeza Jumanne ileile, na tangu hapo kila asubuhi anachelewa kutoka chooni. "Anawatafuta," wifi akaninong'oneza. "Hawaoni. Anasema kama dawa imewashindwa basi ni wale wabaya."

Nilikasirika. Hasira zangu ziko karibu, kila mtu kwetu anajua, na siku ile zilimwendea mama badala ya kunirudia mimi. Mtu mzima kujitenga kwa ajili ya minyoo! Nusu ya wanafunzi wangu wanao na wanacheza mpira. Nikaamua kutafuta dawa kali zaidi, na kwa kuwa mwalimu wa baiolojia alikuwa ameketi mkabala nami na chapati yake, nikamsogezea simu. "Hebu niambie, kwa minyoo kama hawa mtu ameze nini?"

Yeye si mtu wa haraka. Aliisoma ile karatasi kuanzia juu, mstari kwa mstari, mpaka chini. Kisha akaniangalia.

"Madam, minyoo wako wapi hapa?"

Nikamwekea kidole. "Hapo. Na hapo."

Alicheka mpaka akaweka kikombe mezani. "Hili la kwanza ni jina la kidole tumbo, madam! Ndivyo kinavyoitwa vitabuni, kwa ajili ya umbo lake, kirefu chembamba kama mnyoo. Mimi ninacho, na wewe unacho. Hapa wanasema wamekiona na hakijavimba."

"Na hili la pili?"

Akaulaza mkono wake juu ya meza, akawa anaukunja na kuukunjua polepole, mkono ukawa unatambaa kuelekea kwenye kopo la sukari. "Huo ni mwendo. Utumbo unapokisukuma chakula unajikaza hapa, unajilegeza pale, unakwenda hivi. La kwanza linasema kitu kimekaaje, la pili linasema kitu kinakwendaje. Utumbo wa mama unakwenda vizuri. Ungekuwa umetulia tuli, hapo sawa, tungeogopa." Akashuka mpaka mstari wa mwisho. "Na huku chini wamemaliza kabisa. Hakuna tatizo lililoonekana. Ale kwa wakati, na aache kumeza dawa za maumivu tumbo likiwa tupu."

Dawa za maumivu nilizijua. Ni za goti, huzimeza alfajiri kabla ya chai, akienda shambani. Kumbe tumbo lilikuwa linalia kwa hizo tu.

Nilishukuru Mungu kwa sauti, mbele ya walimu wote, nikiwa nimeegemea meza. Safari hii pumzi ilishuka mpaka miguuni. Mama yangu hakuwa na kitu. Hakuwa na uvimbe, hakuwa na mnyoo hata mmoja, alikuwa na tumbo la mwanamke wa umri wake anayefanya kazi. Halafu aibu ikaja nyuma ya furaha. Mimi, mwalimu wa Kiingereza, nimesomewa Kiingereza na mtu wa baiolojia. Aliniahidi kwamba neno hilo halitatoka pale mezani, na kufikia chakula cha mchana mpaka mhasibu wa shule alikuwa ananiuliza kama minyoo wangu hawajambo.

Ijumaa niliwarudia kidato cha tatu, nikayaandika yale maneno mawili ubaoni, nikafuta kauli yangu kuhusu kamusi. Niliwaambia, kamba ya kiatu ina umbo la mnyoo na haiendi popote. Ng'ombe wakitoka malishoni Oldonyo Sambu kuteremkia maji huenda kwa mwendo huo, wa mbele wakisita wa nyuma wanasongamana, kisha msafara unajinyoosha tena, na hakuna atakayesema pale kuna mnyoo. Neno moja linatazama umbo, lingine linatazama mwendo. Hakuna hata moja linalosema mnyoo yupo. Mwanafunzi mmoja akauliza ni nani aliyeyachanganya. Nikamwambia aandike.

Lakini kabla ya hapo, Alhamisi ileile, nilikuwa nimempigia mama. Nilimweleza yote bila kuvuta pumzi: tumbo ni zima, utumbo unakwenda vizuri, dawa za goti ndizo zenye makosa. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Asante mwanangu," akasema. "Ubarikiwe."

Ndivyo anavyowajibu madaktari. Nilikuwa nimempa habari njema kwa Kiswahili, kwa hiyo nami nilikuwa namtuliza mgonjwa.

Jumamosi asubuhi nikapanda kwetu na kamusi kubwa kwenye mfuko. Nilimkuta mama nyuma ya nyumba anakata majani makavu ya migomba, peke yake, mbali na jikoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu." Mkono hakunipa. Alilishika panga kwa mikono yote miwili mpaka nikajifanya sikuona. Na mimi ndiye niliyemfanya hivyo. Iliniuma.

Tukakaa kwenye benchi, yeye mwisho wa huku, mimi mwisho wa kule, mahali palipobaki pangetosha watu wawili. Nikaitoa ile picha ya karatasi kwenye simu, nikafungua kamusi, nikamsomea, nikamtafsiria. Nikaukunja na kuukunjua mkono wangu juu ya benchi kama nilivyoonyeshwa. Akautazama kwa adabu zote.

"Umeeleza vizuri," akasema.

"Basi twende tukavifuate vibuyu."

"Viache tu."

"Mama, huna minyoo!"

"Hata baba yako aliambiwa atapona."

Hapo nikapandwa na hasira. Nilisimama, kamusi ikaanguka, nikamwambia kwa sauti ambayo mtu hapaswi kuitumia kwa mama yake. "Mama, nilikosea! Ile karatasi sikuisoma. Niliona maneno mawili nikiwa nakimbilia darasani, nikajifanya najua. Kamusi hii ilikuwa kabatini, sikuifungua. Mwalimu mwingine ndiye aliyenisomea, tena amenicheka, na shule nzima inanicheka. Mwenye kasoro ni mimi, si tumbo lako!"

Wifi akatokeza mlango wa jikoni na mwiko mkononi. Mama akanigeukia.

"Umesema umekosea?"

"Ndiyo mama."

"Kiingereza?"

"Kiingereza."

Akamgeukia wifi. "Umemsikia?"

"Nimemsikia mama."

"Tangu nimzae," mama akasema, "sijamsikia akitamka neno hilo. Alipopika maharage yakaungua alisema ni sufuria. Alipomwangusha ndama kisimani alisema ndama aliruka." Midomo ikaanza kumcheza. "Kama huyu amesema amekosea, basi ni kweli. Hilo halisemwi kwa kumtuliza mtu."

Akacheka. Wifi naye akacheka, kwa namna ambayo nilijua alikuwa ameingoja nafasi hiyo tangu aolewe. Mama akaweka panga chini, akasogea kwenye benchi, akanishika mikono yote miwili. Mikono yake ilikuwa imekauka kwa majivu, ngozi imepasuka kwenye vifundo vya vidole. Nililia, sikuona haya. Nililia kwa kuwa ni mzima, na kwa kuwa amenishika.

Kwa mama jirani tulikwenda wote watatu. Vibuyu alikuwa amevitia maziwa tangu Alhamisi, akiogopa visikauke vikapasuka, na maziwa yalikuwa yameganda vizuri. Hakuuliza lolote. Alisema tu kwamba mtu hagawi vibuyu vya namna ile akiwa na akili zake, kwa hiyo alikuwa anavitunza mpaka akili zirudi. Mwenyekiti wa akina mama akapigiwa simu, akapiga kelele za furaha tukazisikia mpaka uani.

Mchana wote tukapika. Mimi nilipewa kumenya ndizi, kazi ya mtu asiyeaminika na kazi nyingine yoyote, na niliifanya bila kulalamika. Mama alikuwa amerudi kwenye kigoda chake mbele ya sufuria kubwa, anaamuru, anafunua, anafunika. Wakati wa kuponda ulipofika akavuta sufuria karibu, na akiwa anaponda, bila kuniangalia, akasema:

"Yule daktari ni kijana mzuri. Alinigeuzia ile televisheni yao, akaniambia, mama, angalia mwenyewe, tumbo lako ni zima kabisa. Nilifurahi. Nilitembea na furaha yangu mpaka getini."

"Halafu?"

"Halafu nikasema, ngoja kwanza mwanangu asome."

Niliinamia ndizi zangu. Yeye akamimina maziwa, akakoroga, akaonja, akaongeza kidogo. Kisha akachota kwa mwiko, akaiweka loshoro kwenye kiganja chake, akaupitisha mkono juu ya maganda ya ndizi mpaka mdomoni kwangu.

"Onja. Maziwa yametosha?"

Nikala palepale kiganjani, nikamwambia yametosha.